Nani Anamgeuza Mama Usiku?
Kisa cha familia moja, kati ya Mbagala na milima ya Lushoto

Machi 2023 mama alianguka jikoni akiwa anachochea moto. Alikuwa na miaka 68, na presha aliijua tangu zamani, ila dawa alikuwa anameza siku anazojisikia vibaya tu. Upande wa kulia ulikataa, mdomo ukaenda kando, maneno yakapotea. Kaka na vijana wawili wa jirani walimbeba kwenye machela ya miti hadi barabarani, wakapata gari la viazi lililokuwa linashuka Lushoto mjini. Alilazwa siku 11.

Naandika kisa hiki kwa sababu ni chetu na kwa sababu ninacho kwenye maandishi. Katika familia yetu mimi ndiye katibu, hivyo daftari la vikao ninalo, lenye michango na tarehe. Nililisoma upya miezi michache baadaye nikaona limehesabu kila shilingi tuliyotoa, na mtu aliyekuwa akimlea mama halimtaji hata mara moja.

Tuko watoto watatu. Kaka mkubwa anaishi kijijini na mkewe, wifi yangu, kwenye nyumba iliyo hatua kumi na tano kutoka kwa mama. Wanalima viazi, kabichi na karoti, na wana watoto watatu. Mimi ni wa kati, nafanya kazi Dar es Salaam kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, karani wa nyaraka. Nina mume na watoto wawili, na tumepanga vyumba viwili Mbagala. Mdogo wetu ni mwalimu wa sekondari, wakati huo akifundisha Tabora.

Siku niliyopigiwa simu nilikwenda kwa afisa rasilimali watu kuomba ruhusa. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Dada, pole sana. Mama amefariki?" Nikasema hapana, amepata kiharusi. Akanionyesha sheria, tena kwa upole, na nilipoisoma mwenyewe baadaye niliona hakunidanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikuwa inampa mfanyakazi siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiumwa au akifa, na siku hizohizo 4 akifiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Hizo siku 4 ni za mzunguko mzima wa miezi 36, hata misiba iwe mitatu. Mzazi anayeumwa hayumo kwenye orodha. Ningekuwa nimefiwa ningepata siku 4 za kumzika mama. Kumlisha uji akiwa hai hakukuwa na siku hata moja.

Nilichukua siku 14 kwenye likizo yangu ya mwaka, ambayo ni siku 28. Nilishukuru kuwa nazo. Wifi yangu, ambaye wakati huo karoti zake zilikuwa zinasubiri palizi, hakuwa na afisa wa kumwomba ruhusa wala siku za kukata, na hakuna aliyefikiria kwamba naye alihitaji likizo.

Kikao cha kwanza

Tulikaa siku ya tatu baada ya mama kutoka hospitali. Walikuwepo kaka, mdogo wangu, mjomba, shangazi wawili na mimi na daftari langu. Kumbukumbu zinasema hivi: mimi nitatoa 150,000 kwa mwezi, mwalimu 100,000, kaka "atatoa nafasi na uangalizi". Pesa zitumwe kwenye simu ya kaka. Mjomba akafunga kikao kwa dua.

Wifi hakukaa. Alikuwa anatuletea chai na viazi vya kuchemsha, anatoka, anarudi na sukari. Katikati ya kikao mama alijikojolea chumba cha pili, wifi akaenda kumbadilisha, akanawa mikono, akarudi kukusanya vikombe. Lile neno "uangalizi" niliandika kwa kalamu yangu mbele ya jina la kaka, na wakati huohuo aliyekuwa anautoa alikuwa anapita mbele ya macho yangu na beseni.

Sisi tuliosoma na kuajiriwa mjini tuna mazoea ya kusema kijijini kuna watu. Mimi nilisema hivyo kwenye kikao kile: mama akae huku, huku kuna watu. Nyumba kwa nyumba, watu wenyewe ni akina nani? Vijana wameshuka Mombo, Tanga na Dar. Watoto wako shule hadi jioni. Wazee wanahitaji kushikwa mkono wao wenyewe. Wanaobaki ni wanawake wa umri wa wifi yangu, na wote wana kazi. Kulima karoti kwa ajili ya soko ni kazi. Haina kitambulisho cha kuvaa shingoni wala hati ya mshahara, lakini ina muda wake, na mvua ikipita imepita.

Wiki tano Mbagala

Juni mwaka huo nilimleta mama Dar. Kulikuwa na baridi kali kule juu, kifua kilikuwa kinambana, na ukweli mwingine ni kwamba nilitaka watu waone kuwa binti yupo. Nitaeleza wiki hizo tano kwa kirefu, kwa sababu ushauri wa "mlete tu mjini" ndio ninaousikia mara nyingi.

Niliamka saa kumi na nusu alfajiri. Nilimbadilisha, nikampangusa, nikamlisha uji kwa kijiko akiwa ameegemezwa wima, nikasubiri nusu saa kabla ya kumlaza, kama muuguzi alivyotuelekeza, kwa sababu chakula kilikuwa kinampalia. Saa kumi na mbili niko kituoni. Nilirudi saa mbili usiku, siku meli zikichelewa kushusha saa tatu. Katikati ya saa hizo alibaki na dada wa kazi, binti wa miaka 19, ambaye tulimwajiri kumlea mtoto wangu wa miaka miwili. Sasa alikuwa na mtoto anayekimbilia mlangoni na mtu mzima asiyeweza kugeuka. Mshahara haukubadilika. Hilo nalo halimo kwenye daftari.

Mama hakukubali kuogeshwa na dada. Maneno yake yalikuwa yamerudi nusu nusu, lakini kubana midomo na kugeuza uso aliweza. Akaanza kukataa maji. Tulidhani hana kiu, tulidhani ni joto la Mbagala limemchosha. Siku ya ishirini na kitu nikiwa nambadilisha nikaona mkojo umekuwa kama chai ya rangi na una harufu, naye ana homa. Muuguzi wa zahanati alimuuliza taratibu, kwa maswali ya ndiyo na hapana, mpaka akapata jibu: mama alikuwa anajinyima maji mchana ili asilowe mikononi mwa mtu asiye wake. Aliona heri kiu.

Mgonjwa wa kulala akianza kukataa maji, tafadhali tazameni kwanza ni nani anayembadilisha. Sisi tulichelewa.

Wiki ya nne kidonda kikatokea chini ya mgongo, ukubwa wa sarafu. Kidonda cha mgandamizo hakihitaji uzembe wa miezi; kinahitaji saa nyingi za kulala upande mmoja. Hospitalini walisema ageuzwe kila baada ya saa mbili. Dada alijaribu, lakini mama ni mzito na upande mmoja hausaidii. Na mtaa mzima hapakuwa na wa kumwamkia kwa Kisambaa. Mchana kutwa aliangalia dari.

Tulimrudisha Julai kwa gari la kukodi. Nilipomkabidhi, wifi alifungua kitambaa, akatazama kidonda, akanyamaza, akaenda kuchemsha maji ya chumvi. Hakunilaumu. Ningeona afadhali angenilaumu.

Saa 61

Agosti nilimalizia siku zangu za likizo kule juu. Safari hiyo sikwenda kama mgeni. Niliomba kulala chumba cha mama, na kwa siku 9 niliandika kila kazi aliyofanyiwa na muda wake. Wifi alicheka aliponiona na saa: "Wifi, unaandika hata mkojo?" Ndiyo, niliandika hata mkojo.

Usiku aligeuzwa saa nne, saa saba, saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, mto katikati ya magoti, mkono wa kulia uwekwe juu ya mto usining'inie. Asubuhi kumpangusa, kubadilisha, kusafisha kidonda. Uji, dakika 40, kijiko kimoja kimoja. Dawa ya presha. Kunyoosha vidole, kiwiko na goti mara mbili kwa siku. Kufua mashuka kila siku, na kwa baridi ya Usambara mashuka hayakauki, hivyo kuyageuza karibu na moto jioni. Maji ya kufulia ndoo tano hadi saba kutoka bombani. Kumtoa nje kwenye jua saa nne asubuhi, kumrudisha kabla ya upepo.

Jumla ilikuwa saa 61 kwa siku 9. Ukigawa kwa wiki ni saa 47 na kidogo. Mimi sheria inaniwekea saa 45 za kawaida kwa wiki, zikizidi hapo nahesabiwa ovataimu, mara moja na nusu. Wifi alikuwa amezivuka saa zangu kwa mama peke yake, kabla ya kupikia watoto wake, kabla ya kushika jembe.

Kisha nikafuata pesa. 250,000 zetu za kila mwezi: pampasi za watu wazima 90,000, dawa 60,000, gari la kliniki 40,000, na 60,000 zinazobaki ni unga wa uji, maziwa, sabuni na mafuta. Kila senti ilikwenda kwa mama, hakuna aliyekula. Lakini zote zilipitia simu ya kaka. Sabuni ikiisha, wifi alimwomba mumewe, na mumewe akiwa mnadani alisubiri. Aliyejua mahitaji ya chumba kile hakuwa na hata shilingi mia ya chumba kile mkononi.

Na alikuwa amepoteza. Robo eka ya karoti ambayo ni yake mwenyewe, aliyokodi kwa pesa yake, msimu wa kabla ya ugonjwa ilimpa 420,000. Mwaka huo wa mama alikosa palizi, karoti zikatoka nyembamba kama vidole, akauza kwa hasara. Msimu uliofuata hakupanda kabisa. Kwenye kikoba chao hisa ilikuwa 5,000 kwa wiki. Alikaa miezi minne bila kuweka, na asiyeweka hakopi, hivyo hata mbegu za kuanzia upya hakuwa nazo. Nilipoongeza hesabu hiyo juu ya zile saa, niliona mchango wa wifi yangu kwa mwaka ule ulikuwa mkubwa, na haukuwa umeandikwa popote.

Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba wanawake wanafanya asilimia 76.2 ya saa zote za kulea na kuhudumia zisizolipwa. Takwimu hiyo niliwahi kuisikia kwenye semina kazini, nikatikisa kichwa, nikaandika. Nilikuwa naitazama kama jambo la akina sisi dhidi ya waume zetu. Sikuwahi kufikiri kwamba katika asilimia hizo kuna sehemu ambayo mimi mwanamke nimemsukumia mwanamke mwenzangu ili nibaki na ajira.

"Msinilipe mama"

Kikao cha Januari 2024 nilikiitisha mimi, na niliomba kitu kimoja kabla ya ajenda: wifi akae. Shangazi mmoja akaenda jikoni badala yake.

Nilisoma saa 61. Nikapendekeza tumlipe wifi kitu kila mwezi. Nilikuwa nimejiandaa: kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, tangu Januari 2023, kilikuwa 60,000, na asiyelala hapo 120,000, nikasema tuanzie hapo. Kaka alikasirika. "Mkamwana halipwi. Huyu ni mama yake pia." Mjomba akaunga mkono. Nikageuka kwa wifi nikitegemea anitetee, nikaona machozi. "Wifi, mnataka kunifanya dada wa kazi? Mama huyu amenipokea nikiwa na miaka kumi na tisa. Watoto wangu wote watatu amewapokea yeye."

Nilikosea pale, na kosa langu linafundisha zaidi kuliko hesabu zangu. Nililetea uhusiano wao bei ya sokoni. Wifi hakuwa analalamikia kumlea mama. Alipofuta uso alisema maneno ambayo niliyaandika neno kwa neno: "Msinilipe mama. Nilipieni karoti."

Akafafanua. Anachokosa ni mikono yake shambani. Akipatikana kibarua wa kulima na kupalilia ile robo eka, na mtu wa kumshikia mama asubuhi nne kwa wiki, yeye atabaki na usiku na kuogesha, kazi ambazo mama hamkubalii mtu mwingine. Na pesa ya sabuni na pampasi ije kwenye simu yake.

Tukapiga hesabu upya. Mimi nikapanda hadi 180,000, mwalimu 130,000, na kaka, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa ametoa "nafasi", akasema atatoa 40,000 kutoka kwenye viazi. Zikawa 350,000. Zile 250,000 za mahitaji ya mama zikabaki vilevile ila zikahamia simu ya wifi. 60,000 kwa mama jirani, mjane ambaye mama anamfahamu tangu usichana wao. 40,000 kwa kibarua wa karoti. Kaka akapewa pia kazi ya maji na ya kwenda hospitali na kitambulisho cha mama cha matibabu ya wazee kufuata dawa za presha, kazi ambayo kutwa nzima ilikuwa inamtoa wifi nyumbani. Zikikosekana dirishani, anunue kwenye duka la dawa siku hiyohiyo, asirudi mikono mitupu.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kutafuta mwenzake wa kubadilishana naye kituo. Walimu wanaelewa ninachosema: unatafuta mtu aliye karibu na kwenu anayetaka kwenda ulipo, mnaandika barua, mnasubiri. Alisubiri hadi Mei 2024 akapata shule Korogwe. Sasa Ijumaa jioni anapanda, Jumapili anashuka, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi anamgeuza yeye. Kuogesha hapana, mama hataki na yeye hawezi, aibu ya mama na mwana wa kiume tumeiacha ilipo. Lakini anafua mashuka. Mara ya kwanza aliyaanika uani watoto wa jirani walisimama kumtazama.

Upande wangu, kazini, kulikuwa na mlango ambao sikuujua. Sheria ileile ya 2004 inaruhusu mwajiri na mfanyakazi kupatana kwa maandishi kuhusu wiki iliyobanwa: unafanya hadi saa 12 kwa siku, chakula kikiwemo, bila kudai ovataimu, mradi siku zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45. Nilipeleka barua ya ukurasa mmoja. Wiki moja kila mwezi nafanya Jumatatu hadi Alhamisi, saa 12 kila siku, ukitoa mapumziko ni saa 44. Ijumaa alfajiri niko Mbezi kituo cha Magufuli, jioni niko kwa mama, Jumapili narudi. Bosi alisaini baada ya wiki tatu. Sidhani kama angesaini kama ningemwomba "anifikirie"; nilimpelekea ratiba, jina la mwenzangu atakayeshika nyaraka zangu Ijumaa na Jumamosi, na kifungu chenyewe.

Lakini mama anayefanya kazi saa 12 anawaachia watoto wake nani? Tulikuwa tumeanza kumtwisha dada wa kazi mzigo mwingine kimyakimya. Safari hii niliuona mapema kidogo. Mume wangu ni fundi wa pikipiki, anaweza kufunga mapema. Wiki hiyo ya mwezi anafunga saa kumi jioni na kumtoa mkubwa shule. Dada alipanda kutoka 60,000 hadi 80,000 na Jumapili zake zikawa zake kweli. Mapato ya gereji yanapungua wiki hiyo, na tumekubali yapungue.

Mama hajapona kama tulivyoomba. Mkono wa kulia haufanyi kazi. Kidonda kilifunga Novemba 2023 na hakijarudi. Anakunywa maji. Anakaa kwenye kiti asubuhi, anasema majina yetu, na jirani akija wanaongea Kisambaa nusu maneno nusu vicheko. Wifi alivuna karoti mwezi Septemba na amerudi kwenye kikoba.

Daftari sasa lina safu tatu: pesa, siku, na usiku. Safu ya tatu ndiyo iliyotuonyesha jambo ambalo bado hatujalitatua. Kati ya Jumapili na Alhamisi, jina linalojirudia zaidi saa tisa usiku si la wifi. Ni la binti yake wa kwanza, wa kidato cha pili, ambaye analala chumba cha bibi yake na huamka kabla ya mama yake kusikia. Mwalimu wake wa darasa amepiga simu mara mbili kusema anasinzia.

Kikao kijacho ni Jumamosi ya pili ya mwezi. Ajenda imetumwa kwenye kundi la familia, na safari hii aliyeiandika ni wifi. Ina mistari miwili. Wa kwanza: mtoto alale. Wa pili: mbegu za msimu.